Ufunguo wa Kabati la Vitabu

(Mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni)



Wiki iliyopita nilikuwa Morogoro kwa ajili ya msiba. Wakati wa kurudi Dar es Salaam niliona si vema nipite Mikese bila kuteremka, kwani pale anaishi mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinialika, nami nikawa naahidi tu. Mikese ni kama kilomita 30 kutoka Morogoro mjini. Wengi wetu tunapajua kwa kupitia dirisha la basi: malori yaliyoegeshwa kando ya barabara kuu, reli ya zamani ya kati, na huko nyuma milima ya Uluguru iliyojifunga kilemba cha wingu. Tunapita. Hatujiulizi watoto wa pale wanasoma nini, wala nani anawafundisha.

Niliyemfuata ni mwanafunzi wangu wa zamani. Mwaka 1990 nilimfundisha Kiingereza akiwa Kidato cha Kwanza, katika shule ya sekondari ambayo leo sitaitaja. Sasa yeye mwenyewe ni mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, na miaka iliyobaki kabla ya kustaafu kwake si mingi. Jina lake nalo nitalihifadhi, maana hakunituma nimtangaze.

"Shikamoo Mwalimu," akanipokea.

"Marahaba mwanangu. Habari za hapa?"

Tukasalimiana kwa kirefu, nikapewa kiti, chai ikaja na mihogo ya kuchemsha. Baada ya kuulizana habari za watoto na wajukuu nikamtania: "Na Kiingereza changu nilichokupa, bado kipo?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mwalimu," akasema, "mazungumzo ya kweli ya Kiingereza, na mtu mzima mwenzangu, nilikaa miaka mingi bila kuyapata. Kila siku nazungumza na watoto 70 wa darasa la tano. Mimi nasema, wao wanaitikia. Nikikosea, hakuna wa kunisahihisha. Siku hiyo tunakosea watu 71."

Ndugu msikilizaji, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nibadilishe mada niliyokuwa nimeiandaa kwa wiki hii.

Sisi watu wa mjini tuna tabia ya kuwacheka walimu wa Kiingereza. Mtoto akirudi nyumbani na sentensi iliyopinda, tunauliza, "Nani kakufundisha hivi?" Tunasema ni Kiingereza cha kuombea maji. Mwenye uwezo anamhamishia mtoto wake katika shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza, na hapo anaona tatizo limekwisha. Kwake limekwisha kweli. Lakini mtoto wa Mikese anabaki palepale, na mwalimu wake anabaki palepale.

Na tukumbuke kinachomngoja mtoto huyo. Tangu mwaka 1967 elimu ya msingi katika shule za serikali hutolewa kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo mojawapo tu. Anapoingia Kidato cha Kwanza, mambo yanageuka. Biolojia ni Kiingereza, jiografia ni Kiingereza, hisabati ni Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari wa kuuliza maswali ananyamaza. Si kwamba akili imepungua, bali maneno yamemwishia. Kwa hiyo vipindi vile vichache vya Kiingereza vya shule ya msingi ndivyo daraja lake la kuvukia, na fundi wa daraja hilo ni mwalimu kama huyu wa Mikese.

Leo sitaingia katika mjadala wa lugha gani itumike kufundishia sekondari. Mjadala huo ni mkubwa na wa siku nyingi. Tume ya Rais ya Elimu, ile tuliyozoea kuiita Tume ya Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari, na serikali haikukubali. Wenye hoja wapo pande zote mbili. Mimi nasema jambo dogo zaidi: tukienda na Kiswahili au tukibaki na Kiingereza, somo la Kiingereza litahitaji mwalimu anayekijua. Je, mwalimu huyo tunamtengenezaje, na tukishamtengeneza tunamtunzaje?

Hebu tutazame nyuma kidogo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipoamua kila mtoto aende shule, walimu hawakutosha. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa msaada wa wakufunzi, huku tayari wanashika chaki. Walifanya kazi kubwa, na wengi wetu tusingejua kusoma bila wao. Lakini wao wenyewe Kiingereza walikionja shule ya msingi tu. Waliofuata, wale wa vyuo vya ualimu daraja la A, kwa miaka mingi walisomea ualimu kwa Kiswahili. Mtu anatoka hapo, anafika shuleni, mwalimu mkuu anamwambia, "Wewe ni kijana, chukua Kiingereza." Basi, amekuwa mwalimu wa Kiingereza.

Hali hiyo haikufichika. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walipima Kiingereza katika shule na vyuo vyetu wakaandika kwamba kiwango chake hakitoshi kabisa kwa kazi kiliyopewa. Kutokana na ripoti hiyo ukaja mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, uliofadhiliwa na Uingereza, ambao ulianza mwaka 1987. Mojawapo ya mambo mazuri ya mradi ule yalikuwa vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa, vilivyopelekwa katika shule za sekondari ili wanafunzi wasome, tena wasome sana.

Vitabu vya namna hiyo vina ufundi wake. Mwandishi hupimiwa maneno. Kitabu cha ngazi ya chini hutumia mamia machache ya maneno yanayotumika kila siku, na maneno hayo hurudi tena na tena katika hadithi, mpaka msomaji anayazoea bila kukariri orodha yoyote. Akimaliza hicho, anapanda ngazi. Nami naongeza kwamba vinamfaa mwalimu sawasawa na mwanafunzi, kwa sababu mwalimu naye ana ngazi yake, ila tu hakuna anayethubutu kumwuliza amesimama ya ngapi.

Sasa, ndugu msikilizaji, nifanye jambo ambalo si kawaida yangu hapa redioni. Nikiri kosa.

Shuleni kwetu nilikuwa mkuu wa idara ya Kiingereza. Vitabu vilipofika tulivigonga mhuri, tukaviandikia namba, tukaviingiza kwenye leja, tukavipanga kabatini, tukapiga kufuli. Ufunguo nikawa nao mimi. Kila kitabu kilikuwa mali ya serikali na jina langu lilikuwa chini yake. Kikipotea kimoja, niandike maelezo. Maelezo yasiporidhisha, nilipe. Mshahara wa mwalimu wa siku zile mnaujua. Kwa hiyo niliviazima kwa kipindi kimoja tu, kimoja baada ya kingine vinahesabiwa mlangoni, na baadaye hata hilo nikaona ni usumbufu. Mkaguzi alipokuja alifungua kabati, akahesabu. Vilikuwa kamili, tena vipya. Akanisifu kwa utunzaji mzuri wa mali ya umma. Nami nilifurahi kweli. Vilikuwa vipya kwa sababu vilikuwa havisomwi.

Pale Mikese mwenyeji wangu akaniuliza, huku ananimiminia chai ya pili: "Mwalimu, unakumbuka nilikuja kukuomba kitabu kimoja nikasome likizo ya Juni?"

Nikasema sikumbuki.

"Uliniambia vitabu vya shule haviendi nyumbani."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anasimulia tu, kama mtu anayesimulia mvua ya zamani. Lakini mimi mihogo ilinikaa kooni.

Sitaki nionekane nasema mradi ule haukufaa kitu. Zipo shule ambazo walimu wake walikuwa na moyo kuliko mimi, wakafungua makabati, na vijana wao wakasoma mpaka majalada yakadondoka. Ninachosema ni kwamba kitabu kufika shuleni ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kutoka kabatini mpaka mkononi.

Na faida yake si ya kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika visiwa vya Fiji huko bahari ya Pasifiki, watafiti wawili, Warwick Elley na Francis Mangubhai, walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza 250 katika kila darasa walilolichagua, la nne na la tano, kwenye shule za vijijini. Watoto wale Kiingereza si lugha ya nyumbani kwao, kama ilivyo kwetu. Baadhi ya walimu walipewa mafunzo mafupi ya kusoma hadithi pamoja na darasa. Wengine waliambiwa tu wawaachie watoto muda kila siku wa kusoma kimya. Mwaka ulipokwisha, watoto hao walikuwa wamepiga hatua katika kusoma kiasi cha maradufu ya wenzao waliofuata kitabu cha kiada peke yake. Hapakuwa na mitambo wala wageni wa kuzungumza Kiingereza darasani. Palikuwa na vitabu vilivyo wazi na muda wa kuvisoma.

Wewe unayenisikiliza unaweza kuniambia, "Mzee, hayo ni ya zamani. Siku hizi kuna vishikwambi." Ni kweli. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada katika maktaba ya mtandao, mwalimu anavisoma bila kununua. Tena tangu mwaka 2020 upo mpango wa kitaifa wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaoitwa kwa kifupi MEWAKA. Msingi wa mpango huo naupenda: mwalimu ajifunze palepale anapofanyia kazi, pamoja na walimu wenzake, shuleni na katika vituo vya walimu vya kata, badala ya kusubiri semina ya mjini. Kwenye karatasi, ndilo jambo lenyewe hasa.

Maana semina tunazijua. Mmoja anachaguliwa, anakwenda siku tatu, anapewa faili na posho, anarudi. Wenzake wanamuuliza posho ilikuwa kiasi gani, hawamuulizi alijifunza nini. Na lugha, ndugu zangu, haifundishiki kwa siku tatu. Lugha ni kama shamba la mpunga, ukilitembelea mara moja kwa mwaka utavuna magugu.

Basi nikamuuliza mwenyeji wangu, "Na huku kwenu mmefanyaje?" Hapo ndipo nilipofundishwa mimi.

Akaniambia kwamba imepita miaka kadhaa sasa, yeye na walimu wenzake wawili wa shule za jirani hukutana Jumamosi jioni, nyumbani kwa mmoja wao. Walikuwa wanne. Wa nne alikuja mara moja, akauliza kama kuna posho, hakurudi. Watatu waliobaki walianza na kitabu kimoja cha hadithi walichokinunua Morogoro kwa muuza vitabu vikuukuu. Kitabu kimoja, watu watatu. Wangefanyaje? Wakachukua wembe, wakakikata vipande vitatu, kila kipande wakakishona jalada la karatasi ya mfuko wa saruji.

"Mimi niliangukia kipande cha mwisho," akasema. "Nikajua nani kafa kabla sijajua alizaliwa wapi."

Tukacheka sana. Lakini sikiliza kilichotokea. Jumamosi wakikutana, kila mmoja anajua sehemu ya hadithi ambayo wenzake hawaijui. Mwenye mwanzo anasimulia mwanzo, mwenye katikati anaulizwa maswali, mwenye mwisho anabanwa mpaka aseme. Na sharti ni Kiingereza. Hakuna anayeweza kukaa kimya, maana habari anayo yeye. Wataalamu wa kufundisha lugha wanaijua njia hii na wanaisifu sana. Walimu wa Mikese hawakuisoma kwa mtaalamu yeyote, waliifikia kwa kukosa nakala tatu.

Neno likiwatatiza jinsi ya kulitamka, wanalisikiliza kwenye kamusi ya simu, kama bando lipo. Kisha nusu saa ya mwisho kila mmoja anawaonyesha wenzake somo moja la wiki inayokuja, kama vile wao ndio darasa la tano, na wenzake wanamsahihisha. "Mwanzoni tuliona aibu," akaniambia. "Mtu mzima unasoma hadithi za watoto, unasahihishwa mbele za watu. Siku hizi aibu imeisha. Darasani nikikosea, najigundua mwenyewe."

Ndugu msikilizaji, hayo ndiyo mafunzo kazini. Hayana bango wala mgeni rasmi.

Je, yanatosha? Hapana. Watu watatu wakikosea pamoja watakubaliana katika kosa. Wanahitaji mtu anayejua zaidi yao, awatembelee mara kwa mara, akae nyuma ya darasa, kisha azungumze nao kirafiki. Wenzetu wa Kenya walipoanza mpango wao wa kusoma uitwao Tusome, mwaka 2015, kwa Kiswahili na Kiingereza, walimpa kila mtoto kitabu chake na kila mwalimu kiongozi chake. Lakini hawakuishia hapo. Maofisa wao wa mitaala walipewa vishikwambi, wakatakiwa waingie madarasani, wasikilize watoto wachache wakisoma, na wampe mwalimu ushauri palepale. Usomaji wa watoto ulipanda.

Na kwetu hilo si geni. Katika miaka ya 1970, chini ya mpango wa MTUU ulioendeshwa na serikali yetu pamoja na UNICEF na UNESCO, tulikuwa na wakufunzi wa kuzunguka, waliotoka vyuo vya ualimu wakaenda shuleni kuwasaidia walimu kazini. Tuliwahi kuwa na jambo zuri, kisha tukaliacha lififie. Kutoka Mikese mpaka Chuo cha Ualimu Morogoro, pale Kigurunyembe, ni safari fupi ya basi. Mkufunzi mmoja wa Kiingereza akija Jumamosi moja kwa mwezi, nauli yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha semina moja ya hotelini.

Kwa hiyo, kabla sijakuaga, nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wakuu wa shule na wakaguzi wetu, ambao siku hizi wanaitwa wathibiti ubora. Fungueni makabati. Kitabu cha hadithi kilichochakaa kwa kusomwa kihesabiwe kuwa kimefanya kazi, na mwalimu aliyekiazimisha asiulizwe kama mwizi. Mkija kukagua, msihesabu vitabu tu. Mwiteni mtoto mmoja mmwulize hadithi.

La pili ni kwa wenye mamlaka ya ratiba na fedha. Mpango wa MEWAKA umeandikwa vizuri, sasa upewe muda. Walimu wa Kiingereza wa kata moja wapewe mchana mmoja kila wiki mbili, ndani ya saa za kazi, wakutane katika kituo chao wasome, wazungumze na waoneshane masomo. Tukiwaachia Jumamosi zao, tunawaomba wafadhili elimu ya taifa kwa muda wao wa kulima.

La tatu ni kwako wewe wa Kinondoni, wa Arusha, wa Mwanza, uliyenunua vitabu vya hadithi za Kiingereza kwa ajili ya watoto wako, na watoto sasa wamekua. Vimekaa rafuni vinakula vumbi. Vichague vile vyepesi, vyenye kurasa zote, uvipeleke shule ya kijiji unachokijua. Usipeleke vitabu vya sheria na vya kompyuta za mwaka 1995 ukadhani umetoa sadaka. Na ukishavitoa, mwambie mwalimu kwa mdomo wako kwamba vikichakaa hutamdai.

Mimi nilipofika nyumbani nilipekua rafu langu. Nimepata vitabu 19 vya hadithi rahisi, vingine ni nakala mbilimbili, hivyo Mikese hawatahitaji wembe kwa vyote. Nimevifunga kwenye boksi, nikampa kondakta wa basi la Morogoro. Juzi nimepigiwa simu kwamba vimefika. Mwanafunzi wangu akaniuliza, "Mwalimu, tuvisaini wapi?"

Nikamwambia asisaini popote.

Wiki ijayo, Mungu akitujalia uzima, tutakutana tena. Kwa leo, nakutakia siku njema.